Milimita Mbili na Ushei

Alikuja saa tatu, baridi bado imeganda viooni,
Hinewai, binti wa marehemu Eruera mhunzi,
akaweka juu ya kaunta yangu, hapa Cromwell,
tufe la chuma lililoliwa kutu upande mmoja.
"Nataka jingine. Kubwa. Lenye nguvu.
Navuka mlima hadi Timaru, safari moja, basi."

Miaka ishirini na sita nauza vya kuvutia,
minyororo, pini, nyaya za taa,
na nimejifunza kwamba aombaye nguvu
huwa hajapima mzigo.

Nikalipima tufe: arobaini na saba, nukta sita.
Tukatoka nje. Kikombe cha tela: hamsini.
Milimita mbili na ushei, nikamwambia,
unene wa sarafu. Barabara nyoofu haitakusuta.
Ila siku tuta litakaporusha shingo ya tela juu
kikombe kitalivuka tufe
kama mtu avuavyo kofia msiba ukipita.

Ndani ya kikombe kulikuwa na kipande cha ngozi,
ngozi ya kiatu, imekunjwa mara mbili, nyeusi kwa grisi.
Alicheka, kisha hakucheka.
"Huyo ni baba," alisema.
Mtu aliyekunja chuma maisha yake yote
alikuwa akivuta tela kwa soli ya kiatu.

Nikamuuzia la hamsini. Limechongwa utosini: 3,500.
Macho yakamng'aa. Subiri, nikasema,
hiyo ni sifa ya tufe, si ya gari lako.
Tukakisoma kitabu cha gari: 1,500, tela likiwa na breki;
bila breki, nusu ya hapo.
Nikapiga magoti, nikasugua kibati cha tela
kwa mate na kidole gumba:
1,400. Pamoja na tela lenyewe. Pamoja na matope yake.
Kamba hukatikia pembamba, Hinewai,
na pembamba pako ndipo hapa nilipopigia magoti.

Tukaenda polepole hadi mizani ya ghala la sufu.
Elfu moja mia saba na tisini.
"Umezidisha mia tatu na tisini tu," nikasema,
na neno *tu* likanirudia mdomoni kama kokoto.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hakunijibu. Alikuwa akitazama vitu:
fuawe mbili, mvukuto, masanduku manne ya nyundo,
godoro, friji isiyo na mlango,
kiti cha mbao ambacho baba yake alikifia.

Fuawe zilikuwa mwisho kabisa, mkiani,
kwa sababu zilipakiwa mwisho, usiku, na watu waliochoka.
Nikamweleza: nyuma ikizidi, shingo huwa nyepesi,
na tela lenye shingo nyepesi huanza kuyumba,
kidogo, kama mlevi anayejikaza mbele ya mkwe,
halafu si kidogo tena.
Weka kizito mbele ya ekseli. Sehemu moja ya kumi
iachie tufe ilibebe.

Tulishusha hadi saa saba.
Yeye alichagua. Mimi nilinyanyua nilichoonyeshwa.
Friji ilishuka kwanza, kisha nyundo,
kisha fuawe, moja baada ya nyingine,
mgongo wangu ukitaja hesabu yake.
Kiti nilikishika, akanigusa mkono. Nikakiacha.

Mizani tena: elfu moja mia tatu na sitini.
Nikapitisha minyororo chini ya shingo, kwa mkingamo,
ili shingo ikidondoka
ianguke mikononi, si barabarani.
Taa ya kushoto iligoma. Nikabadilisha balbu, sikuitoza.

"Nitarudi Alhamisi kuchukua zilizobaki."

Alhamisi tatu zimepita.
Fuawe zipo mlangoni, wateja huzikalia wakinywa chai,
na nikifagia hupita kuzizunguka.
Kile kipande cha ngozi nilidhani nimekitupa.
Jioni ile nilikagua pipa mara mbili.
Hakikuwemo.